Programu huria: mtu wa Mubambiro anaweza kuanzia wapi?

Katika barabara ya Goma kwenda Sake, pale Mubambiro, familia zilizokimbia vita zinamjua vizuri mtu wa kuandikisha. Anakuja na telefone mkononi, anauliza jina la mkubwa wa familia, watoto wako wangapi, walitoka kijiji gani, wanachota maji wapi. Kila jibu, anagusa kioo. Kisha anaenda zake, na familia inabaki ikingojea kama jina lake litasomwa siku ya kugawa unga ao shitingi.

Mara nyingi kazi ile inafanyika kwa programu inayoitwa KoboToolbox. Kuko mambo mawili ambayo wengi hawajui juu yake. La kwanza, maandishi yanayoiendesha yako wazi, mtu yeyote duniani anaweza kuyasoma. La pili, mtu yeyote anaweza kuomba kuyasahihisha, hata kama anaketi Mubambiro, Kitshanga ao Walikale na hana kitu kingine isipokuwa telefone ya Android. Programu za namna hiyo zinaitwa programu huria.

Makala haya yanaeleza namna mtu mupya anavyoweza kuanza: kitu gani kinahitajika, mlango gani ni rahisi, na hatari gani za kuepuka katika eneo la vita.

Huria maana yake nini?

Kila programu imeandikwa na watu kwa lugha ya kompyuta. Maandishi hayo yanaitwa kodi. Si ile kodi ya kulipa serikali. Ni orodha ya amri ambazo mashini inafuata. Kampuni nyingi zinaficha kodi zao. WhatsApp, kwa mfano, ni ya bure, lakini kodi yake imefungwa: watu wanaitumia, hawawezi kuifungua na kuitengeneza upya.

Programu huria inakuja na leseni inayompa mtumiaji ruhusa nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kusoma namna inavyofanya kazi, kuibadilisha, na kuwapa wengine, ikiwa vile ilivyo ao ikiwa imebadilishwa. Wazo hilo lilipata nguvu mwaka 1983, wakati Richard Stallman wa Marekani alipotangaza mradi wa GNU. Mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki huko Finland, alitoa Linux na kuwaalika wengine waiguse. Leo kila telefone ya Android inasimama juu ya msingi wa Linux. Kwa hiyo mtu anayesema hajawahi kutumia programu huria, mara nyingi iko mfukoni mwake.

Programu huria ambazo Kivu inazijua tayari

KoboToolbox ilianzishwa na watafiti wawili, Phuong Pham na Patrick Vinck, ambao wamefanya kazi Harvard Humanitarian Initiative. Walikuwa wamefanya uchunguzi juu ya maisha ya raia vitani, kaskazini mwa Uganda na mashariki mwa Kongo. Jina lenyewe linatoka karibu na huku: «kobo» ni neno la Kiacholi, maana yake kuhamisha.

KoboCollect, ile sehemu inayokaa ndani ya telefone, imejengwa juu ya programu nyingine huria, ODK, iliyoanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, mji wa Seattle.

DHIS2 inatengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Wizara ya afya ya Kongo inaitumia kukusanya hesabu za vituo vya afya: wagonjwa wa malaria, watoto waliochanjwa, wamama waliojifungua.

Ushahidi ilizaliwa Kenya mwezi wa Januari 2008, wakati wa machafuko baada ya uchaguzi, ili raia watume habari za mambo wanayoyaona na zionekane kwenye ramani. Kabla mwaka huo haujaisha, ilitumiwa pia kufuatilia vita vya Kivu ya Kaskazini.

OpenStreetMap ilianza Uingereza mwaka 2004. Yenyewe ni ramani, si programu, lakini inajengwa kwa desturi ileile: kila mtu anaweza kuongeza, kila mtu anaweza kutumia.

Kwa maneno mengine, Kivu si mgeni hapa. Programu hizi zinatumiwa katika kambi zake, vituo vyake vya afya na barabara zake. Kinachopungua ni mikono ya wenyeji katika kazi ya kuzitengeneza. Na kuko makosa ambayo mtu wa Seattle ao Oslo hawezi kuyaona hata akiwa na akili namna gani, juu hajawahi kujaza fomu kwa Kiswahili cha Sake chini ya mvua.

Mlango wa kwanza: ramani

Kwa mtu asiyejua kodi hata kidogo, ramani ndiyo mlango rahisi zaidi, na faida yake inaonekana haraka.

Ebola ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, timu za afya zilihitaji kujua vijiji viko wapi na njia gani inafika. Watu wa kujitolea wa inchi nyingi waliketi mbele ya kompyuta zao, wakachora nyumba na barabara kutoka picha za setilaiti, kupitia shirika linaloitwa Humanitarian OpenStreetMap Team. Ugonjwa ulidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020 na uliua watu zaidi ya 2,200. Kazi ile ya mbali ilisaidia, lakini ilikuwa na mpaka wake. Setilaiti inaona paa, haioni jina. Haijui kama jengo ni shule, kanisa ao kituo cha afya. Haijui kama bomba linatoa maji ao lilikauka tangu mwaka jana, wala kama njia ya moto inakatika mvua ikinyesha. Hayo anayajua mwenyeji.

Mtu anafungua akaunti ya bure kwenye OpenStreetMap, kisha anaweka katika telefone programu ya StreetComplete. Hiyo inamuuliza maswali mafupi juu ya mahali aliposimama: barabara hii ni ya lami ao ya udongo? Duka hili linaitwaje? Eneo likishapakuliwa, maswali yanajibiwa bila intaneti, na majibu yanatumwa siku mega zikipatikana.

Sheria ni tatu. Kwanza, aandike tu kitu alichokiona ao anachokijua mwenyewe. Pili, asinakili kutoka Google Maps ao ramani nyingine yenye mwenyewe, juu leseni inakataza. Tatu, kama mahali pana majina mawili, asifute jina la wengine ili kuweka lake. Katika Masisi jina la kilima linaweza kuleta ugomvi mkubwa. OpenStreetMap ina nafasi ya kuandika jina kuu na jina lingine pembeni. Wenye kugombana wanatakiwa kuzungumza, si kufutiana.

Mlango wa pili: lugha

Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Ilionyesha kwamba lugha hii inaweza kuendesha kompyuta. Tangu wakati ule programu nyingi huria zimepata Kiswahili, lakini tafsiri nyingi hazijakamilika, na nyingi zimeandikwa kwa Kiswahili cha Tanzania na Kenya.

Hilo linaleta shida ya kweli. Neno «kaya», kwa mfano, ni la kawaida katika sensa ya Tanzania. Kwa mama wa Masisi si neno la kila siku. Yeye anasema famili ao watu wa nyumba. Na «nyumba» nayo ni mtego: kama famili tatu za wakimbizi zimelala kwa mwenyeji mmoja, swali la «nyumba» linazigeuza kuwa moja, na famili mbili zinapotea katika hesabu. Vilevile «hifadhi», ambalo ni tafsiri ya kawaida ya kitufe cha kuchunga kazi, Kivu linamkumbusha mtu Hifadhi ya Virunga.

Hapa kuko jambo la kutofautisha. Maswali ya fomu yanaandikwa na shirika linaloandikisha, kwa hiyo kosa la swali linapelekwa kwa shirika. Lakini vitufe, maonyo na maelezo ya programu ni kazi ya mradi wenyewe, na hayo mtu wa kujitolea anaweza kuyatafsiri. Miradi mingi inatumia mitandao ya kutafsiria kama Transifex ao Weblate. Mtu anajiandikisha, anachagua mradi na lugha, anaonyeshwa maneno moja moja. Anaweza kutafsiri kumi kwa siku na kuacha.

Anayeanza anakutana na mitego miwili. Wa kwanza ni alama kama %d ao %s ndani ya sentensi. Hizo ni nafasi ambazo programu itajaza namba ao jina; zikifutwa, programu inaweza kuanguka. Wa pili ni wingi. Kiswahili kinasema «fomu 1 imetumwa» lakini «fomu 3 zimetumwa». Mtandao wa kutafsiria unatoa nafasi mbili, na zote mbili zinapaswa kujazwa.

Kama neno la Kivu linagongana na la Dar es Salaam, mtafsiri anaacha maelezo mafupi ya sababu, na wengine wanajibu. Habadilishi kazi ya mwenzake kimya kimya.

Mlango wa tatu: kuonyesha kosa

Mtu anayetumia programu kila siku, kama muuguzi ao mwandikishaji, ana utajiri ambao watengenezaji wanautafuta: anajua inakwama wapi. Kulalamika «haitembei» hakusaidii mtu. Taarifa nzuri inasema mambo matano: aina ya telefone na toleo la Android, toleo la programu, hatua alizofuata moja kwa moja, alichotegemea kuona, na alichoona. Kabla ya kuandika, anatafuta kwanza kama mwingine amekwisha kueleza kosa lilelile.

Miradi mingi inachunga taarifa hizo kwenye GitHub, mtandao ambapo kodi za programu nyingi huria zinakaa. Mazungumzo huwa kwa Kiingereza, na hiyo inaogopesha wengi waliosoma kwa Kifaransa. Sentensi fupi zinatosha, hata zikisaidiwa na mashini ya kutafsiri. Picha ya kioo inasaidia pia, lakini majina ya watu yafutwe kwanza katika picha hiyo.

Mlango wa nne: kodi yenyewe

Kwa mwanafunzi wa informatike ao kijana aliyejifundisha mwenyewe, kazi inafuata njia hii.

Kwanza anachagua programu anayoitumia, si ile yenye sifa kubwa. Programu ya ODK ya telefone imeandikwa kwa Java na Kotlin. Sehemu kubwa ya KoboToolbox ni Python na JavaScript. Anayejua kidogo lugha moja kati ya hizo ana pa kushika.

Pili anasoma faili mbili zinazokaa mbele ya miradi mingi: README, inayoeleza programu ni nini, na CONTRIBUTING, inayoeleza desturi za nyumba. Mgeni anayeruka faili ya pili anajulikana mara moja.

Tatu anatafuta kazi ndogo. Miradi mingi inaweka lebo «good first issue» kwenye kazi zinazofaa watu wapya. Anaandika chini yake kwamba angependa kuijaribu, ili watu wawili wasilime shamba moja.

Nne anajitengenezea nakala ya mradi katika akaunti yake, anafungua tawi jipya, anafanya badiliko moja dogo na kulijaribu. Tano anatuma ombi la kuunganisha, ambalo kwenye kioo linaitwa «pull request», akieleza alichobadilisha na sababu.

Sita, anangoja. Seattle iko nyuma ya Goma kwa saa 9 ao 10. Wengine wanaopima kazi ni watu wa kujitolea na wao. Kimya cha wiki mbili si dharau. Jibu likija, mara nyingi linaomba marekebisho, hata mara tatu. Hiyo si tusi. Ndivyo kazi ya kila mtu inavyopitishwa, hata ya wakubwa wa mradi.

Aliye na telefone tu anaweza pia. Kosa la maandishi katika maelezo ya programu linasahihishwa moja kwa moja kwenye ukurasa wa GitHub. Na programu ya Termux inaweka Git na Python ndani ya Android.

Mega na umeme

Git, chombo kinachochunga historia ya kodi, kilitengenezwa na Torvalds mwaka 2005, na kwa bahati kinafaa mahali ambapo mtandao unakatika. Mradi ukishapakuliwa, kazi yote inafanyika bila intaneti: kusoma, kubadilisha, kuandika kila hatua katika historia. Intaneti inahitajika tu wakati wa kutuma, na kinachotumwa ni mabadiliko, si mradi mzima. Kupakua mara ya kwanza ndiyo kunakula mega. Amri ya git clone ikiongezwa maneno --depth 1 inaleta toleo la mwisho tu, bila historia ya miaka yote.

Vijana wengine wanaweza kugawana mzigo: mmoja anapakua mjini Goma, wengine wanapewa nakala kwa kadi ya kumbukumbu. Leseni inaruhusu.

Usalama: mambo ya kutoandika

Kazi hii yote iko hadharani, na katika eneo la vita hilo linahitaji akili.

Kila badiliko kwenye OpenStreetMap linaonyesha jina la akaunti, saa na mahali. Anayechora mtaa wake kila jioni ameonyesha anapokaa. Hakuna sheria inayolazimisha jina la kweli. Jina la kubuni linakubaliwa. Git nayo inaandika anwani ya barua pepe ndani ya kila hatua, na haifutiki kirahisi. GitHub inatoa anwani ya kujificha. Inawekwa kabla ya hatua ya kwanza, si baadaye.

Kambi za askari, vizuizi vya barabarani na mahali silaha zilipo visiandikwe kwenye ramani, wala kupigwa picha. Mtu anayetembea na telefone akipiga picha ya daraja anaweza kuchukuliwa kuwa mpelelezi, upande wowote unaoshika eneo. Jina la mgonjwa, la mtu aliyehama ao namba ya karata yake havina nafasi katika taarifa ya kosa. Na mahali panapoleta mashaka, pasichorwe. Ramani inaweza kungoja amani. Mtu aliyepotea harudi.

Makuta je?

Swali hili ni la haki, hasa kwa mtu anayetafuta chakula cha leo. Jibu la kweli: kuchangia hakulipwi mwanzoni, na wengi hawalipwi kabisa. Faida ya kwanza ni kazi inayoonekana. Mwenye kutafuta kazi katika shirika anaweza kuonyesha alichofanya, bila cheti wala mtu wa kumsukuma.

Kuko programu za mafunzo zinazolipa. Outreachy inalenga watu ambao hawapati nafasi kwa urahisi katika tekinolojia, na imekuwa ikitoa dola 7,000 za Marekani kwa mafunzo ya miezi 3 kutoka nyumbani. Google Summer of Code, iliyoanza mwaka 2005, inapokea wenye miaka 18 na zaidi. Outreachy inadai kuona michango midogo kwanza, kwa hiyo aliyeanza mapema ana nafasi bora. Mradi wa kweli hauombi ada ya kuingia. Anayedai makuta ili kuandikisha vijana ni mwizi.

Haraka nayo ina hasara. Mwaka 2020, tamasha la Hacktoberfest liliahidi fulana kwa waliotuma maombi ya kutosha. Watu wakatuma maelfu ya mabadiliko yasiyo na maana, neno moja hapa, nukta pale. Wenye miradi walikasirika, na sheria ikabadilishwa siku chache tu baada ya kuanza. Jina linajengwa polepole, na historia inabaki wazi kwa kila atakayeitafuta.

Mwezi wa kwanza

Kwa anayetaka kuanza bila kujichosha, wiki ya kwanza inatosha kufungua akaunti, kuficha anwani, na kujibu maswali kumi ya ramani ya mahali anapopajua. Wiki ya pili, maneno ishirini ya tafsiri. Wiki ya tatu, taarifa moja ya kosa, iliyoandikwa vizuri. Wiki ya nne, kusoma kodi ya programu moja bila kubadilisha kitu, ao kusahihisha sentensi moja katika maelezo yake.

Michango hiyo ni midogo, lakini inakaa. Neno moja likinyooshwa katika programu ya kuandikisha, mwandikishaji atakayepita Mubambiro mwezi ujao atalikuta kwenye kioo chake, na hivyo hivyo yule wa Bunia na wa Kalemie.